Mtoto Anayeota Mamba

Huko Longech, ule ulimi wa mchanga unaoikinga Ghuba ya Ferguson na mawimbi ya Ziwa Turkana, si rahisi kumkuta mtoto mdogo amelala peke yake. Akai, kibanda cha usiku cha fito na makuti ya mkoche, hakina chumba cha pili. Ngozi hutandikwa chini, mama huku, bibi au dada kule. Joto likizidi, wote hutoka kulala nje. Mtoto akishtuka kwa kuota mamba, au upepo wa mashariki ukiyatikisa makuti, hupapasa tu gizani, akagusa mguu wa mtu, akalala tena. Maswali hungoja asubuhi. Na ndoto ikisimuliwa haidharauliwi, maana emuron, mwaguzi wa Waturkana, hupata maono yake ndotoni. Lokerio, aliyevuma karne ya 19, anatajwa hadi leo.

Pwani mambo ni mengine. Mtoto anayeweweseka hufundishwa Kul-huwallahu, Falaq na Nas, apulize viganjani na kujipangusa mwili. Ndoto mbaya, kwa mafundisho ya Mtume, haisimuliwi: mtu hutema kidogo kushotoni mara tatu, akaomba kinga ya Mungu, akageukia ubavu wa pili. Msomali wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huko huko Turkana, anayajua haya vizuri kama mtu wa Lamu. Basi katika kaunti moja, mtoto huyu anasikilizwa ndoto yake, na yule anaambiwa aifiche. Mimi naona wote wawili wamepewa kitu cha kufanya, na hilo ndilo linalopunguza hofu.

Marekani nako, Dkt. Richard Ferber wa Boston alitoa kitabu mwaka 1985 kinachomtaka mzazi amwache mtoto kitandani mwake na kumrudia kila baada ya muda unaozidi kurefuka. Utaratibu huo ni wa kufundisha usingizi. Kuutumia kwa mtoto aliyetishwa na ndoto ni kuukosea. Mwaka 1992 Gilda Morelli na wenzake waliwahoji akina mama Wamaya wa Guatemala, na kusikia kwamba Wamarekani hulaza wachanga chumba kingine kuliwashtua, wakawaonea huruma watoto hao. Bibi wa Longech angewaunga mkono, naamini.

Ila sasa mjini Lodwar kuna nyumba za mawe zenye vyumba vitatu, na wazazi waajiriwa wanaotaka mwana alale chumbani kwake. Si dhambi. Mlaze kwanza na ndugu yake, mlango wazi, na akiita, nenda. Akipiga kelele mapema usiku, macho wazi lakini hakutambui, usimtikise. Mlinde asijiumize, asubuhi hatakumbuka. Jinamizi huja zaidi karibu na alfajiri, naye hulikumbuka: huyo mkumbatie, umsikilize au umsomee, kwa desturi ya kwenu.

Lakini si kila ndoto hutulizwa hivyo. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wavulana waliotembea kutoka Sudan kupitia Ethiopia. Walilala wengi pamoja, lakini wingi wa miili haufuti yale ambayo macho yameona. Kwa hiyo mtoto aliyepitia vita au uvamizi wa wezi wa mifugo, ndoto ileile ikimrudia wiki baada ya wiki, mpeleke kwa mshauri wa afya ya akili kambini au hospitali ya rufaa ya Lodwar, usingoje akue.