Nafuu ya kodi kwa michango ya pensheni

Ni utaratibu wa kutoa mchango wa uzeeni kwenye mshahara kabla ya kukokotoa kodi ya mapato. Tanzania Bara hufuata Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332.

Mwalimu wa serikali katika kata ya Ihembe, Karagwe, hana fomu ya kujaza. Kazi ya kukokotoa hufanywa na mwajiri. Akilipwa shilingi 800,000 kwa mwezi, asilimia 5, yaani 40,000, huenda PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma ulioanzishwa mwaka 2018. Kodi hukokotolewa kwenye 760,000 zilizobaki, nayo ni 68,000. Bila nafuu ingekuwa 78,000. Tofauti hiyo ya 10,000 ndiyo nafuu anayoipata.

Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, mchango wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, hufanyiwa vivyo hivyo.

Nafuu ina ukomo: haivuki kiwango cha mchango wa kisheria. Kenya, kwa upande wake, iliweka ukomo wa kiasi maalumu cha fedha, ikaupandisha Desemba 2024 kutoka shilingi zake 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi.

Nchini Tanzania, mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa makadirio ya mauzo hapati nafuu hii, hata akichangia kila mwezi, kwa kuwa kodi yake haiangalii matumizi.