Gazeti Linapokosa Wasomaji

Wako watu wadhaniao kwamba gazeti hupungukiwa na wasomaji kwa ubovu wake tu. La hasha. Hata gazeti zuri lina kiangazi chake. Aliye shambani tangu alfajiri hana nafasi ya kusoma, na aliye safarini hupitwa na nakala yake. Yeyote aandikaye kwa ajili ya watu, awe na mtambo wa kuchapa au simu ya mkononi tu kama vijana wa leo, hufika siku akaita asiitikiwe. Shida hii ina historia ndefu, nami naona wengi huitafutia dawa isiyo yake.

Huko London, katika karne ya 19, Agosti ulikuwa mwezi mgumu kwa wahariri. Bunge na mahakama vilikuwa likizoni, na matajiri wamekwenda mashambani kuwinda ndege, maana msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 12 ya mwezi huo. Habari ziliadimika, nazo kurasa zilitaka kujazwa vile vile. Mwaka 1861 jarida la Saturday Review liliyapa majira hayo jina la dhihaka, yaani majira ya upuuzi. Wajerumani husema ni wakati wa matango ya achari, na jina hilo lanichekesha zaidi.

Basi, Agosti 1888 mwanamke mmoja mwandishi, Mona Caird, alitoa makala katika Westminster Review akidai kwamba ndoa, kwa jinsi ilivyokuwa siku zile, ilimnyima mke uhuru wake. Gazeti la Daily Telegraph likaidaka hoja hiyo na kuwauliza wasomaji: Je, ndoa imeshindwa? Zilimiminika barua zipatazo 27,000, mpaka mjadala ukafungwa mwishoni mwa Septemba. Tukumbuke kwamba sheria iliyompa mke wa Kiingereza haki kamili ya kumiliki mali yake ilikuwa imepitishwa mwaka 1882 tu. Yamkini mhariri alitaka kujaza ukurasa, hakuna zaidi. Lakini swali lenyewe lilikuwa limelala katika kila nyumba likingoja kuamshwa, na aliyepeleka barua yake Jumatatu asingekosa kulitazama gazeti siku zilizofuata.

Mwaka 1927 wakajaribu njia nyingine. Katika miji ya viwanda ya Lancashire, viwanda vilifungwa kwa pamoja wakati wa kiangazi, na karibu mji mzima ukapanda treni kwenda pwani, hasa Blackpool. Aliyezoea kuletewa gazeti mlangoni hakuwapo mlangoni. Agosti ya mwaka huo Westminster Gazette likamzua bwana mmoja aitwaye Lobby Lud, jina lililotokana na anwani ya simu za maandishi ya gazeti hilo, Lobby, Ludgate. Mfanyakazi wa gazeti alizunguka katika mji wa pwani, na maelezo ya sura yake yakachapwa. Aliyemtambua na kumwendea na nakala mkononi, akatamka maneno yaliyopangwa, alipewa fedha. Bila nakala, hata ukimshika mkono, huna chako!

Ni werevu, sikatai. Lakini aliyelinunua gazeti kwa ajili ya Lobby Lud alinunua tikiti ya bahati nasibu. Mwanzoni mwa 1928 Westminster Gazette likamezwa na Daily News. Sisemi mchezo ule ndio ulioliua, nasema haukuliokoa. Tena mchezo wenyewe uliishi kuliko gazeti lililouzaa, maana ukaendelezwa na wengine.

Kwetu, Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Lilikuwa gazeti la wakubwa, na baadhi ya habari zake zilikuwa kavu kama muhogo wa juani. Hata hivyo ukurasa wa mashairi ulikuwa wa watu, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliotungia humo. Mtu aliyejibiwa kwa beti mwezi huu hakuhitaji kubembelezwa asome la mwezi ujao.

Chuoni nilikofundisha, miaka ya mwanzo ya 1980, karatasi ilipokuwa adimu kama sukari, tulikuwa na gazeti la ukutani. Mvua zilipoanza wanachuo walishinda shambani, na jioni walipita mbele ya ubao bila kugeuza shingo. Mwenzangu mmoja akabandika picha za wacheza kandanda. Zilitazamwa, kisha zikaibwa. Ndipo mwanachuo wa mwaka wa pili akabandika swali kwa kalamu ya risasi: mwalimu asiyetoshwa na mshahara, akiacha darasa akaenda kulima, amekosa nini? Kabla ya juma kwisha majibu yalikuwa yamefunika ubao, mengine nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, moja juu ya kipande cha mfuko wa saruji. Wengine miongoni mwetu walitaka swali libanduliwe. Lilibaki. Wapishi wa bwaloni, ambao hatukuwahi kuwahesabu kuwa wasomaji wetu, walikuja na taa ya chemli baada ya kuosha masufuria, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakibishana, na siku ya tatu nao wakabandika la kwao.