Mrututu, Magadi na Kago

Mkulima wa nyanya anayeteremka kutoka Oldonyo Sambu kwenda mjini Arusha hupita Ngaramtoni, yaliko makao ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kiuatilifu ndilo neno rasmi. Kwenye duka la pembejeo hulisikii. Pale mtu huomba "dawa ya ukungu", na muuzaji humwelewa papo hapo.

Neno ukungu nalipenda sana. Ndio unaoufunika Mlima Meru asubuhi, ndio unaoota kwenye mkate uliolala, na ndio huu unaobabua majani ya nyanya. Maafisa ugani huuita ugonjwa huo bakajani chelewa, ingawa baridi na unyevu vikizidi hauchelewi hata kidogo. Anayeuleta, Phytophthora infestans, wanasayansi wamekwisha kumtoa katika ukoo wa kuvu. Jamaa zake ni mwani wa kahawia wa baharini. Vijimbegu vyake huogelea ndani ya maji yaliyotanda juu ya jani. Kuvu, basi, si jina lake. Ukungu, lenye umande na baridi ndani yake, limempata.

Linalonisumbua ni hilo la kwanza, dawa. Dawa humngoja mgonjwa. Chumvi ya shaba inayouzwa kama dawa ya ukungu haiponyi jani: hukaa juu yake, huachia shaba kidogo kidogo majani yakilowa, na kijimbegu kikianza kuchipua hufia hapo hapo. Kikishapenya ndani, shaba haikifuati. Anayesubiri kuona madoa ndipo ajaze bomba amechelewa, na neno ndilo lililomchelewesha.

Chumvi nalo lina mitego. Jikoni ni ya mboga. Shambani, chumvichumvi ni mbolea ya viwandani. Magadi ni jiwe la Ziwa Natron linalolainisha makande, na magadi soda, kwa maana ya jikoni, ni unga wa dukani. Unga huo, ukiyeyushwa mwepesi, huzuia ubwiri unga. Jiwe la ziwani ni kali zaidi, na majani huungua.

Lakini chumvi ya shaba ina jina la kale, tena zuri: mrututu. Limetoka Kigujarati, morthuthu, na mor ni tausi. Ukilishika bonge lake la buluu utaona kwa nini. Waswahili walilitumia kwenye vidonda. Peke yake huunguza majani. Linahitaji chokaa ya kulipoza.

Mchanganyiko huo, mrututu na chokaa, ulianzia Médoc, Ufaransa. Wenye mizabibu waliupaka mistari iliyopakana na barabara ili wapita njia waogope kuchuma. Mwaka 1882 Pierre Millardet aligundua kuwa mizabibu ile ya kandokando haikuwa na ukungu, na mwaka 1885 akaitangaza habari hiyo.

Sisi kitu kinachowekwa shambani kumzuia mwizi tunakiita kago. Kitenzi chake ni kukaga, na hakimngoji mwizi afike. Wale wa Médoc walikuwa wamekaga mizabibu yao.

Kwenye lebo ningeandika "kinga ya ukungu", maana kago limebeba uganga ambao wengi hawautaki nyumbani mwao. Ila kila nikiona matone ya buluu yamekauka kwenye majani ya nyanya ambayo bado hayana doa, neno linalonijia mdomoni ni kago.