Bwaki, Ugonjwa wa Mtoto Aliyeshushwa Mgongoni

Nani kati yetu, tangu Bukavu mpaka Kalehe, asiyejua neno bwaki? Mama wazee hulitaja kwa sauti ndogo. Mtoto aliyekuwa akikimbia uani anaanza kukaa kimya. Miguu inavimba, kisha mikono na uso. Ngozi inatoka magamba kama ya mtu aliyeungua. Nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu. Hataki chakula, hataki kucheza, analia kidogo kidogo bila nguvu. Mgeni akimwona uso wa mviringo husema: «Mtoto ananenepa.» Kumbe siyo nyama, ni maji.

Hapo maneno yanaanza. Jirani mmoja anasema: «Amerogwa.» Mwingine anasema: «Mama yake amevunja mwiko.» Baba anatafuta mbuzi wa kumpelekea mfumu, na siku zinapita. Sasa tusikie habari za ugonjwa huu, kwani sehemu kubwa ya habari hizo iliandikwa hapa kwetu, na watoto waliofundisha wanganga walikuwa watoto wa milima hii.

Jina lake

Katika Kikongo, mbwaki ni rangi nyekundu, nasi tumekwisha kuona namna nywele za mtoto huyo zinavyogeuka. Lakini ulimwengu unaujua ugonjwa kwa jina lingine. Mwaka 1933 munganga mwanamke mmoja, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliandika habari za watoto aliowatunza huko Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana. Mwaka 1935 aliandika tena, akatumia jina alilolisikia kwa mama wa kabila la Waga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa.

Tazameni hekima ya mama hao. Hawakuwa na darubini wala mizani, lakini walikuwa wameona jambo. Mtoto wa kwanza alikuwa mgongoni mwa mama, akinyonya mchana na usiku. Mimba mpya ikaja, akaondolewa kwenye ziwa, akashushwa mgongoni, akapewa uji mwepesi na bugali tu. Tumbo likajaa, mwili ukakosa vya kujijenga.

Mwaka 1950 wataalamu wawili, Brock na Autret, walitumwa na mashirika ya mataifa kupita katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1952 kitabu chao kikatoka. Walikuwa wameukuta ugonjwa karibu kila mahali walipopita kusini ya jangwa la Sahara. Basi haukuwa uchawi wa kijiji kimoja, wala laana ya ukoo mmoja.

Kazi ya Lwiro

Mtu akitoka Bukavu kwenda Kalehe anapita Miti na Kavumu, na kabla ya kufika Katana anaweza kupanda upande wa Lwiro. Pale Katana chama cha FOMULAC cha Chuo Kikuu cha Louvain, kilichoundwa mwaka 1926, kilijenga hospitali. Pale Lwiro Wabelgiji walijenga makao ya IRSAC, chuo cha uchunguzi kilichoanzishwa mwaka 1947. Wengi wanakijua kwa majumba yake mazuri, na kwa wataalamu waliopima matetemeko ya nchi na kukusanya nyoka na samaki. Lakini kazi iliyogusa nyumba zetu zaidi ilikuwa ile ya watoto wenye bwaki.

Wanganga wa Lwiro walimlaza mtoto, wakapima kila alichokula na kila kilichotoka mwilini, wapate kujua mwili umebakiza nini. Mwaka 1958 De Maeyer na Vanderborght walitoa matokeo ya kazi hiyo. Walikuwa wamelinganisha maziwa na soya, karanga na mimea mingine katika kulisha watoto. Swali lao lilikuwa la maana sana kwa maskini: mahali pasipo ng'ombe, je, shamba linaweza kumjenga mtoto? Baadaye wanganga wa CEMUBAC, chama cha Chuo Kikuu cha Brussels, waliendelea na kazi hiyo, na mmoja wao, H. L. Vis, aliandika mwaka 1968 juu ya bwaki ya Kivu. Alionyesha kwamba kwetu watoto wengi wana magonjwa mawili pamoja: wamekonda kwa njaa ya siku nyingi, na tena wamevimba.

Kwa nini njaa katika nchi nzuri?

Wageni hushangaa. Ziwa liko karibu, mvua inanyesha, milima ni ya kijani kibichi. Njaa inatoka wapi?

Kwanza, mashamba. Mwaka 1928 serikali ya Wabelgiji iliunda Comité National du Kivu na kuipa mamlaka juu ya ardhi nyingi. Walowezi wakapata mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinini, na wenyeji wengi wakabaki kwenye vipande vidogo vya mteremko. Watu wakaongezeka, vipande vikagawanywa kwa wana, udongo ukachoka. Mahali maharagi yalipokataa, muhogo ulikubali. Lakini gramu 100 za muhogo mbichi zina protini gramu 1 hivi tu, na gramu 100 za maharagi makavu zina gramu 20 na zaidi. Muhogo unashibisha, haujengi.

Pili, vita. Mwaka 1964 maasi yalifika hata Bukavu, na mwaka 1965 ikaundwa mjini humo Komite ya Kupinga Bwaki, Comité Anti-Bwaki. Jina lenyewe linatosha kuonyesha hali ya siku zile. Tangu mwaka 1996 vita vingine vimepita Kalehe mara nyingi: ng'ombe wameibwa, watu wa milimani wamekimbia, mbegu zimeliwa. Na tarehe 4 Mei 2023 maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, vikaua watu zaidi ya 400 na kufunika mashamba. Msiba wa namna hii una kilio cha kwanza, ambacho wote wanakisikia. Lakini una kilio cha pili, kinachokuja miezi baadaye katika nyumba ya mtoto, nacho hakisikiwi mbali.

Kwa hiyo ni dhambi kumcheka mama wa mtoto mwenye bwaki. Mara nyingi amelima kupita sisi sote.

Maziwa ya mama na nafasi kati ya watoto

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mama zetu wenyewe waliwafundisha wataalamu. Mwaka 1977 Delvoye na wenzake walitoa matokeo ya kupima damu ya mama wanaonyonyesha hapa Kivu. Waliona kwamba mama anayenyonyesha mara nyingi, zaidi ya mara sita kwa siku, anabaki na wingi wa dawa ile ya mwili inayoleta maziwa, hata kupita mwaka mmoja. Nayo dawa hiyo, ambayo Mungu ameiweka ndani ya mama, hukawiza kurudi kwa damu ya mwezi. Mtoto akiwa mgongoni na kunyonya anapotaka, analinda nafasi yake mwenyewe.

Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio katika nchi ya Italia, wakaweka kanuni. Mtoto akiwa hajatimiza miezi 6, akinyonya tu, mchana na usiku, bila chakula kingine, na damu ya mama haijarudi, basi katika mama 100 ni wawili hivi tu watakaopata mimba. Sharti moja likivunjika, kanuni haitoshi tena, na mume na mke lazima watafute shauri lingine. Na ikitokea mimba imekuja mapema, mama asimwachishe mtoto kwa ghafula. Aulize shauri la muuguzi, amwachishe polepole, na chakula chake kiongezwe mara moja.

Wataalamu wajisahihisha

Mtu mwenye akili hukubali kuonyeshwa kosa. Kwa miaka mingi wanganga walisema: «Bwaki ni ukosefu wa protini, basi.» Mwaka 1974 munganga McLaren aliwashtaki wenzake katika gazeti la Lancet kwamba walikuwa wametazama protini tu, wakasahau njaa yenyewe na umaskini. Na mwaka 2013 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa jozi 317 za mapacha huko Malawi. Mara nyingi pacha mmoja alipatwa, mwenzake hapana, ingawa mama ni mmoja na chungu ni kimoja. Waliona kwamba vijidudu vya matumbo pia vina sehemu katika ugonjwa. Basi, asiwepo tena wa kusema: «Kwa nini mtoto huyu tu? Lazima kuna mchawi.» Matumbo ya watoto hayafanani.

Kadhalika surua, kuhara na minyoo hufungua mlango. Mtoto aliyekuwa akijitahidi na chakula kidogo anapatwa na surua, na baada ya majuma machache anavimba. Ndiyo maana chanjo ya surua ni kinga ya bwaki pia.

Namna ya kutunza nayo imebadilika. Zamani watu walifikiri mtoto aliyevimba apewe chakula kingi upesi. Sivyo: moyo wake na matumbo yake havina nguvu, na chakula kingi cha ghafula kinaweza kumwua. Hospitalini wanaanza na maziwa maalum, kidogo kidogo, mara nyingi, hata usiku. Wanamtia joto, wanatibu magonjwa yaliyojificha, kisha wanaongeza. Kwa mtoto ambaye bado ana hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine, kuna mchanganyiko laini wa karanga, maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Briend na Lescanne wa Ufaransa waliuvumbua katika miaka ya 1990, na tangu mwaka 2007 mashirika ya mataifa yameukubali kwa kutunza watoto nyumbani.

Wazazi wafanye nini?

Wazazi wapenzi, yashikeni haya.

Mtoto anyonye tu mpaka miezi 6, bila maji wala uji. Baada ya hapo apewe chakula, naye aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi.

Uji wa muhogo peke yake hautoshi. Changanyeni mahindi, mtama na soya. Soya ikaangwe ao ichemshwe vizuri kwanza, kwa sababu soya mbichi inazuia tumbo kufanya kazi. Ongezeni karanga zilizotwangwa ao kijiko cha mawese. Pondeni maharagi, toeni maganda. Saga sambaza wakavu pamoja na vichwa vyao, nyunyiza katika chakula. Sambaza hao hawakuwamo ziwani zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, na leo ni msaada mkubwa kwa maskini. Yai likipatikana, lisiende sokoni lote.

Mtoto mdogo awe na sahani yake. Akila pamoja na wakubwa, mikono yao ni myepesi kupita wake.

Bonyezeni miguu yake yote miwili kwa kidole gumba, hesabuni mpaka tatu. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, ni maji. Pelekeni mtoto siku ileile. Kwenye zahanati watampima mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, chini ya milimeta 115 ni rangi nyekundu, ni hatari. Kati ya 115 na 125 ni rangi ya manjano, ni onyo. Wanganga wa Lwiro walionyesha mwaka 1993 kwamba mkono mwembamba na uvimbe ni alama za kutabiri kifo. Lakini anayefika mapema anaweza kupona.

Na wewe, baba, usiseme: «Hayo ni mambo ya mama.» Mbuzi uliyetaka kumpelekea mfumu, muuze, lipa safari ya hospitali, nunua maharagi. Na sisi wakristu wa shirika moja, tukijua nyumba ambayo mtoto ameshushwa mgongoni mapema, tusingoje mpaka tuitwe kuzika. Bwana wetu hatatuuliza kama tulijua jina la ugonjwa. Atatuuliza kama mwenye njaa alipata chakula mlangoni petu.