Mpishi wa Safari na Uwindaji wa Wakamba

Kivuthi Mbuno alizaliwa Mwingi, Kitui, nchini Kenya, mwaka 1947, na kabla ya kujulikana kama mchoraji alikuwa mpishi katika kambi za safari. Wanaoandika habari zake hupenda kusema alijifundisha mwenyewe, na kweli hakupitia chuo cha sanaa. Lakini sifa hiyo ikirudiwa mno, humfanya aonekane mtu aliyezuka tu. Kwa maoni yangu michoro yake ina ukoo mrefu, nao ni uwindaji wa Ukambani kwao. Mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivui, tajiri ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani, na pembe hizo zilitokana na kazi ya watu wa upinde na mishale ya sumu. Ukoloni ukaifanya kazi hiyo kuwa kosa. Mwaka 1948 Tsavo ilipotangazwa hifadhi, Wakamba wa Kibwezi na Mtito Andei, Makueni ya leo, walijikuta jirani na pori wasiloruhusiwa kuwinda, na katika miaka ya 1950 msako wa majangili uliwafunga wengi. Wageni wenye leseni waliendelea kuwinda, huku Wakamba wakiwafuatia nyayo za wanyama, wakiwabebea bunduki na kuwapikia. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mbuno alianza kuchora katika muongo huohuo.

Zitazame karatasi zenyewe. Kwa wino na penseli za rangi, mstari mwembamba juu ya mstari, anaijaza ngozi ya mnyama mpaka inakuwa kama kitambaa kilichofumwa. Watu na wanyama wanakaribiana kwa ukubwa, na macho ya wote yamekodolewa. Mtu hasimami juu ya mzoga akipigwa picha, kama ilivyokuwa desturi ya safari za kizungu. Tofauti hiyo huonekana vizuri ukimweka kando ya François Desportes, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1661, aliyemchorea Mfalme Louis XIV mbwa na mawindo. Naye alifuatana na wawindaji na kuchora papo hapo. Alipoingia Akademia ya Paris mwaka 1699, aliwasilisha picha yake mwenyewe akiwa mwindaji, bunduki mkononi na mawindo chini yake. Desportes alijichora kama bwana; Mbuno aliijua kambi kutoka jikoni, na kwake wanyama wana hofu na hila sawa na watu.

Mtu atapinga: wanunuzi wake wakubwa walikuwa wageni, akiwemo Jean Pigozzi, ambaye mkusanyo wake wa sanaa ya Afrika ulianza mwaka 1989, basi huenda aliwachorea Afrika waliyoitaka. Hoja hiyo ina uzito, kwani soko huchagua. Lakini Desportes alilipwa na mfalme, na hakuna anayekataa kujifunza uwindaji wa Versailles kutoka kwake. Wengine watasema michoro ya Mbuno ni ndoto, haina tarehe wala mahali. Sidai kwamba itatueleza ni ndovu wangapi waliuawa. Inatuonyesha namna Mkamba aliyekua baada ya 1948 alivyowaza uhusiano wa mwindaji na mnyama, jambo ambalo kumbukumbu za walinzi wa Tsavo, zilizoandikwa kwa ajili ya mashtaka, hazikuwa na haja ya kuuliza.