TEKNOLOJIA: Fomu ya tovuti inapodai ujumbe umetumwa ilhali haujafika

MANENO "Asante, ujumbe wako umetumwa" yanayojitokeza mtu anapobonyeza kitufe cha fomu katika tovuti hayathibitishi kwamba ujumbe huo umemfikia yeyote.

Katika WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti uliozinduliwa mwaka wa 2003 na ambao ndio unaotumika zaidi duniani, maneno hayo humaanisha jambo moja dogo tu: kwamba programu imeikabidhi seva barua pepe, nayo seva haikulalamika. Yaliyojiri baadaye, fomu haiyajui. Mwongozo wa WordPress wenyewe unatahadharisha hivyo kuhusu amri inayotuma barua.

Athari zake si ndogo. Chukua mfano wa shule iliyotangaza nafasi ya mwalimu, au hazina ya basari iliyoweka fomu ya maombi katika tovuti yake. Mwombaji huona ujumbe wa shukrani, akazima tarakilishi na kungoja kuitwa. Shule nayo haina habari kwamba mtu huyo yupo. Siku ya mwisho hupita, na kila upande hudhani mwenzake ndiye aliyenyamaza.

Programu-jalizi ya fomu inayojulikana zaidi katika WordPress ni Contact Form 7, iliyobuniwa mwaka wa 2007 na Takayuki Miyoshi wa Japani, na ambayo imewekwa katika mamilioni ya tovuti. Hutolewa bila malipo na ni nyepesi, lakini ina tabia moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Ikiachwa kama ilivyo, haihifadhi nakala ya kile mgeni alichojaza. Huunda barua, ikaituma, kisha ikasahau. Barua ikipotea njiani, hakuna mahali pa kwenda kuitafuta.

Hali ni tofauti katika Drupal, mfumo mwingine wa aina hiyo, ambako moduli ya Webform huweka kila fomu iliyojazwa katika hifadhidata, na barua pepe huwa ni taarifa tu ya kumjulisha msimamizi. Utaratibu huo ndio wa busara zaidi kwa shughuli yoyote yenye tarehe ya mwisho. Anayetumia Contact Form 7 anaweza kuupata kwa kuongeza Flamingo, programu-jalizi ya mbunifu yuyo huyo, ambayo kazi yake ni kutunza nakala. Hilo lafaa kutangulia urekebishaji mwingine wowote, kwani kila siku inayopita bila nakala ni siku ya maombi yasiyoweza kurejeshwa.

Baada ya hapo ndipo mtu atafute chanzo cha hitilafu. Dalili ya kwanza ni rangi ya mstari unaozunguka jibu la fomu. Kwa mtindo wa kawaida wa Contact Form 7, manjano huonyesha kwamba kuna nafasi iliyojazwa visivyo, rangi ya chungwa kwamba ujumbe umedhaniwa kuwa barua taka, na nyekundu kwamba seva imeshindwa kutuma. Kijani ndiyo rangi ya kutiliwa shaka zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo huambatana na barua zinazopotelea mbele ya safari.

Sababu kuu ya upotevu huo ni anwani ya mtumaji. Zamani ilikuwa desturi kuipanga fomu ili barua ionekane kana kwamba imetoka kwa mgeni mwenyewe, apate kujibiwa kwa urahisi. Desturi hiyo ilivunjika Aprili 2014, Yahoo ilipotangaza sera ya kuzitaka seva nyingine zikatae barua yoyote inayojidai kutoka katika anwani ya Yahoo ilhali haikupitia kwake. AOL ilifuata mwezi huo huo. Tovuti ya shule ikituma barua kwa jina la anwani ya Yahoo ya mwombaji, kwa macho ya seva inayopokea huo ni ughushi, na barua hutupwa.

Tiba ni rahisi. Anwani ya mtumaji iwe ya kikoa cha tovuti yenyewe, na anwani ya mwombaji iwekwe katika mstari wa kujibia, yaani Reply-To. Atakayebonyeza kitufe cha kujibu atamfikia mwombaji vilevile.

Hata hivyo, hilo pekee halitoshi siku hizi. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zimewataka watumaji wote wathibitishe barua zao kwa SPF au DKIM, na wanaotuma barua nyingi sana watimize masharti hayo mawili pamoja na DMARC. SPF ni orodha, katika kumbukumbu za kikoa, ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. DKIM ni sahihi ya siri inayotiwa kwenye kila barua. Tovuti nyingi zilizo katika seva za kukodi hutuma kwa njia ya kawaida ya PHP, isiyotumia akaunti wala nywila. Ni afadhali kuzipitisha barua kwa SMTP, katika akaunti halisi ya barua pepe ya taasisi. Zipo programu-jalizi kadhaa za kazi hiyo, na aghalabu nusu saa yatosha.

Kuna hitilafu nyingine ambapo kiduara huzunguka bila kikomo baada ya kitufe kubonyezwa. Hapa tatizo si barua, bali ni mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti. Contact Form 7 hutuma yaliyojazwa kichinichini kupitia REST, na programu-jalizi za usalama hupenda kuufunga mlango huo kwa watu wasioingia kwa nywila. Msimamizi aliyekwisha kuingia hujaribu fomu, akaiona inafanya kazi barabara, huku wageni wakikwama. Kwa hivyo majaribio yafanywe daima na mtu asiye ndani, ikiwezekana kwa simu ya rununu.

Kitufe cha F12 katika vivinjari vingi vya tarakilishi hufungua ukumbi wa uchunguzi, na sehemu ya Network huonyesha nambari ya jibu la seva. Nambari 403 huashiria kwamba ombi limezuiwa, aghalabu na kinga ya usalama. 413 ni dalili kwamba kilichotumwa kimezidi ukubwa unaokubaliwa. 500 ni kosa ndani ya seva yenyewe, na hapo hapana budi kusoma kumbukumbu za makosa. Wanaoziwasha kumbukumbu hizo katika WordPress wasisahau kuzizima na kuzifuta kazi ikiisha, maana faili yake huweza kusomwa na yeyote anayeijua anwani.

Fomu isipozungusha kiduara bali ukurasa mzima ukajifungua upya, yaelekea JavaScript yake haikupakiwa. Ama mandhari ya tovuti imeundwa vibaya, ama programu-jalizi nyingine imeleta kosa linaloisimamisha. Njia ya kale ya kuzizima zote kisha kuziwasha moja baada ya nyingine ingali ndiyo ya uhakika. Programu-jalizi ya Health Check & Troubleshooting humwezesha msimamizi kufanya hivyo peke yake, bila wageni kuona badiliko lolote.

Aidha, zipo fomu zinazokubali asubuhi na kukataa kesho yake. Nyingi huwa zimebeba alama ya usalama ambayo katika WordPress haiishi zaidi ya saa 24, ilhali ukurasa umehifadhiwa katika kache kwa siku kadhaa. Mgeni hupewa alama iliyokwisha muda. Ukurasa wa fomu uondolewe katika kache, basi.

Viambatisho vina balaa yake. Contact Form 7 hukubali faili isiyozidi megabaiti moja iwapo msimamizi hakutaja kiwango kingine, na PHP yenyewe, isipobadilishwa, huishia megabaiti mbili kwa faili na nane kwa fomu nzima. Cheti cha KCSE kilichopigwa picha kwa simu za leo huvuka mpaka huo bila taabu. Kiwango kiongezwe pande zote mbili, tena kiandikwe waziwazi kando ya nafasi ya kuweka faili.

Fomu ndefu nazo hukatwa mkia kimyakimya. Tangu toleo la 5.3.9 la Januari 2012, PHP husoma nafasi 1,000 tu za fomu kwa wakati mmoja isipoambiwa vinginevyo. Fomu ya kuandikisha wanafunzi 60, kila mmoja akiwa na nafasi 20, ina nafasi 1,200. Wanafunzi kumi wa mwisho hutoweka, na aliyeijaza haonywi.

Kuhusu kuirekebisha fomu ilingane na mahitaji ya Kenya, kosa linaloudhi kuliko yote ni la majina. Kanuni inayoruhusu herufi tupu humkataa Ng'ang'a, Nyong'o na Wang'ombe, ikiwaambia kwamba hawajui kuandika majina yao. Hata pale ritifaa inaporuhusiwa, baadhi ya simu huiandika ikiwa imepinda, na kanuni inayotambua iliyonyooka pekee hukataa tena. Isitoshe, WordPress huongeza mkwaju wa nyuma mbele ya kila ritifaa inayopokewa katika fomu, na mtengenezaji asiyeuondoa huishia na orodha iliyojaa Ng\'ang\'a. Nafasi moja ya "jina kamili" hufaa kuliko mbili za jina la kwanza na la mwisho, kwa kuwa wengi wana majina matatu katika kitambulisho.

Nambari za simu zataka uangalifu vivyo hivyo. Fomu za zamani hutaka tarakimu kumi zinazoanza na 07, ilhali tangu 2019 kuna nambari zinazoanza na 01. Nafasi ya simu isiwekwe kuwa ya hesabu. Iwe ya aina ya tel, la sivyo sufuri ya mwanzo huenda ikapotea. Sufuri hiyo hupotea pia orodha inapofunguliwa katika Excel, isipokuwa safu imetangazwa kuwa ya maandishi. Tarehe nazo zichaguliwe katika kalenda badala ya kuandikwa, kwa sababu 03/04 ni Aprili hapa na Machi kule Marekani.

Marekebisho haya yote yasifanywe ndani ya faili za programu-jalizi. Toleo jipya likija hufuta kila kilichoongezwa, na mtu anayeogopa kupoteza kazi yake huacha kusasisha. Msimbo wa ziada uwekwe katika mandhari tanzu au katika programu-jalizi ndogo ya kando.

Woga huo wa kusasisha una gharama. Machi 28, 2018, Drupal ilitangaza kasoro katika namna ilivyoshughulikia data za fomu, iliyomwezesha mtu asiye na nywila kuendesha msimbo wake katika seva. Matoleo ya 6, 7 na 8 yote yaliathirika. Desemba 2020, Contact Form 7 ilitoa toleo la 5.3.2 ili kuziba mwanya uliowezesha faili hatari kupenya kupitia nafasi ya viambatisho.

Nakala zinazohifadhiwa ni mali ya waliozijaza pia. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, iliyoanza kutekelezwa Novemba 25 mwaka huo, taasisi inapaswa kumweleza mtu sababu ya kukusanya habari zake, na kutozitunza kupita muda unaohitajika. Zikivuja na kuwepo hatari halisi ya madhara, Kamishna wa Data ajulishwe katika muda wa saa 72. Shule iliyokwisha kuajiri mwalimu wake haina sababu ya kuendelea kutunza katika Flamingo habari za waombaji wote waliokosa nafasi hiyo.