Siku ya Mwaka na usiku wa koga pwani

Kila Julai vijana wa hapa Mombasa huniuliza: Siku ya Mwaka ni nini, na ni ya dini gani? Nieleze ninavyoijua.

Siku ya Mwaka, au Nairuzi, ni siku ya kwanza ya mwaka wa jua wa Waswahili. Jina Nairuzi latokana na Kiajemi, maana yake siku mpya. Mwaka huu una siku 365 tu, hauongezwi siku kila baada ya miaka 4. Kwa hivyo husogea nyuma polepole: katikati ya karne ya 19 uliangukia mwishoni mwa Agosti, leo waangukia Julai. Siku zake huhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi. Miongo 36 ni siku 360, kisha zabaki 5 za kufungia mwaka. Kwa hesabu hiyo manahodha walijua wakati wa kusi na wa kaskazi, na wakulima wakajua wakati wa kupanda.

Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, aliandika kwamba watu walikoga baharini usiku au asubuhi ya siku hiyo, mioto ikazimwa na kuwashwa upya kwa kupekecha vijiti, na nafaka zikapikwa zikaliwa na yeyote aliyekuja. Makunduchi, Unguja, bado wana Mwaka Kogwa: banda la makuti huchomwa, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kumaliza magomvi ya mwaka, na wanawake huimba.

Kwangu hatuchomi banda. Baada ya Isha twashuka pwani, mimi, mke wangu, watoto na mama. Watoto wakoga, mama agawa pure ya mahindi na kunde kwa aliye karibu, twasomeana dua na kutakana radhi.

Wako masheikh wanaosema huu ni uzushi. Panapoombwa mizimu, nakubaliana nao bila kusita. Siku hii pia si Idi, wala asiiite hivyo mtu. Lakini kukoga, kulisha watu na kusameheana ni ada ya mji, na ada isiyogusa ibada sioni sababu ya kuizika.

Kinachoizika hasa ni vitu viwili. Kwanza, njia za kushukia pwani zazibwa kwa kuta, hata mama yangu alazimika kuzunguka mbali ili afike majini alikokogea utotoni. Pili, wazee wanaoweza kuhesabu miongo bila karatasi wamebaki wachache.

Ukuta huenda ukahitaji wakili. Hesabu ya miongo yahitaji jioni moja tu barazani. Mwenye babu mvuvi na aende leo na daftari, amuulize: tuko mwongo wa ngapi?